Mgeni wa Bungoma na Pikapu ya Okwir

Kuna watu ambao wakisikia mgeni anakuja huanza kuhesabu sahani. Wazee wetu waliona mbali zaidi. Walijua kwamba mwenye nyumba huyazoea ya nyumbani kwake mpaka asiyaone tena, na Mungu akitaka kumwonyesha jambo humletea mtu mwingine mlangoni. Ndipo wakasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaliyompata Okwir wa Bukoto, mjini Kampala, yanatosha kuwa ushahidi.

Okwir alikuwa askari polisi mstaafu, mrefu kama mlingoti, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha kukata maneno. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu ya dizeli, na pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Kila alfajiri ya siku ya masomo aliteremka soko la Nakasero, akapakia mboga, nyanya na matoke, akavipeleka katika jiko la shule moja ya bweni huko Old Kampala. Hakuwa na kazi nyingine. Mkewe Filda, ambaye yeye humwita Mama Adoch kwa jina la binti yao, alikuwa mama wa sala, na kila pikapu ilipotoka getini aliifanyia ishara ya msalaba.

Lakini pikapu hiyo ilishikwa na ugonjwa usioeleweka. Mchana iliwaka kama kiberiti kikavu. Alfajiri ilikuwa mtu mwingine. Stata ilizunguka na kuzunguka, injini haitaki. Okwir alishuka, akafungua boneti, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka kidole gumba kikaingia ganzi. Ndipo injini ilipokubali shingo upande, ikikohoa moshi mweupe kama mzee wa kifua. Wakati huo Nakasero mboga nzuri zimekwisha kuchukuliwa na wenye magari mazima.

Fundi wake, Komakech, alibadilisha betri. Akabadilisha plagi za kupashia injini joto. Akabadilisha na filta. Lakini kila mara gari lilipopelekwa gerejini kwake, liliwaka papo hapo.

"Afande, gari lako lina adabu," Komakech alimcheka. "Mbele ya fundi linasimama wima. Labda wewe unaligombeza asubuhi."

"Nitakugombeza wewe," Okwir alijibu, lakini hakucheka.

Ijumaa moja alifika shuleni watoto wamekwisha kunywa uji mtupu. Msimamizi wa jiko, Hajati Nabilah, alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee Okwir, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini heshima haiingii sufuriani. Jumatatu ukichelewa tena, jiko hili litatafuta gari jingine."

Okwir alirudi nyumbani. Hapo ndipo alipokuta mkewe anatandika shuka mpya. Kanisa lao lilikuwa na mkutano wa akina mama, na kila familia iliombwa kupokea mgeni. Filda alikuwa amekubali bila kufikiri mara mbili.

"Mgeni?" Okwir alifoka. "Nyumba inaungua, Mama Adoch, nawe unaita watu waje kuota moto?"

"Mgeni huja na riziki yake, Baba Adoch."

"Basi riziki yake na iwe gari linalowaka!"

Jioni hiyo alifika Dolphine Nafuna, mwanamke wa makamo kutoka Bungoma, Kenya, mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Walimpokea kwa maji ya kunawa na kuku. Kama ilivyo desturi yao, walimpa chumba chao na kitanda chao wenyewe, wao wakatandika mkeka sebuleni. Mgeni alipotaka kuosha vyombo, Filda alimpokonya sufuria huku akicheka. "Kwetu mgeni hafanyi kazi. Kaa, dada, upumzike."

Sasa ni lazima tueleze namna kiwanja chao kilivyokaa. Bukoto upande ule ni mteremko: geti liko juu, nyumba iko chini. Okwir hakuwahi kuliingiza gari kwa pua. Aliliteremsha kinyumenyume mpaka mkia ukakaribia dirisha la chumba cha kulala, pua ikitazama juu. "Gari la askari hulala likitazama geti," ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyofanya miaka yote.

Jumamosi asubuhi Dolphine alitoka chumbani macho yamevimba. Alikunywa chai, akazungusha kikombe mkononi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nakuomba. Leo nilale hapa sebuleni. Mkeka utanitosha."

Filda aliduwaa. Kumpa mgeni kitanda chako akakirudisha, ni kama kumpa chakula akakitema. Okwir, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, aliinua kichwa.

"Unaona, Mama Adoch? Kitanda chetu hakimfai."

"La, baba, si hivyo!" Dolphine alishtuka. Hakutaka kutaja sababu, maana na kwao Bungoma mgeni haiaibishi nyumba iliyompokea. Machozi yalimlengalenga.

Filda alikuwa mwanamke wa kutazama kabla ya kuhukumu. Alisogeza kiti karibu. "Sema, dada. Nani amekukosea?"

"Hakuna. Ni dizeli. Usiku kucha imenikaa puani, kichwa kikauma. Nikafungua dirisha nipate hewa, ndiyo ikazidi."

"Dizeli gani?" Okwir aliuliza. "Tunalala chumba hicho kila siku. Hakuna harufu."

"Baba, usinikasirikie. Mwenye mbuzi hanusi zizi lake."

Okwir alimaliza kufunga kamba za viatu. Alitoka nje, akainama dirishani, akanusa. Hakusikia kitu. Ni kweli: pua yake ilikuwa imezoea. Alirudi taratibu na kumpigia simu Komakech. "Leo sikuletei gari. Njoo wewe, ulione linapolala."

Komakech alikuja, akatambaa chini ya pikapu upande wa dirisha. Alikaa huko kitambo kirefu. Alipotoka, kidole chake kilikuwa kimelowa, na hakuwa anacheka tena.

"Afande, nisamehe. Mpira unaotoa dizeli kwenye tangi una ufa, mwembamba kama ukucha, mahali unapokwaruzwa na chuma. Unavuja kidogo tu, vumbi limeufunika. Injini ikizimwa usiku, hewa inaingia kwa ufa huo, na kwa kuwa pua iko juu, dizeli iliyokuwa mbele inateremka kurudi tangini. Asubuhi injini inavuta, inapata upepo."

"Mbona gereji hukuona?"

"Gereji yangu ni tambarare, na huja likiwa moto. Mimi nililikagua likiwa macho. Ugonjwa wake ni wa usingizini."

Ili asikosee tena, alifunga mpira mwangavu karibu na filta, akamwambia Okwir abonyeze pampu. Wote waliona mapovu yakipita kama ya soda. Kisha akatoa mpira mbovu, akatia mpya na kuukaza kwa vibano vyake. Walipobonyeza tena, mapovu yalipungua, yakaisha, na pampu ikawa ngumu chini ya kidole.

"Nililaze pua chini leo, kwa usalama?" Okwir aliuliza.

"Usithubutu! Tutakuwa tumeuficha ugonjwa. Lilale kama kawaida yako, ndipo tujue."

Jumapili hawakuligusa, walikwenda misani kwa miguu, mgeni katikati yao. Usiku ule Okwir alipata usingizi wa mang'amung'amu. Alijua kwamba gari likikataa, jiko limekwenda, na umri wake haukuwa wa kuomba kazi upya.

Jumatatu, giza likiwa bado halijatawanyika, Filda na Dolphine walisimama mlangoni, mmoja na rozari, mwingine na khanga mabegani. Okwir aliingia, akazungusha ufunguo. Stata ililia mara moja tu. Injini ikaitika, ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba.

"Asante Yesu!" Filda alipiga kigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha.

Okwir alifika Nakasero wauzaji wakiwa bado wanashusha magunia. Alipoingia shuleni, Hajati Nabilah alikuwa ndiyo kwanza anawasha moto.

"Mzee, leo umelala sokoni?"

"Hapana, Hajati. Nyumbani kwangu kuna mgeni."

Hajati hakuelewa, lakini alipokea nyanya, akazitazama moja moja, akatabasamu. "Basi na kesho uje hivi hivi."

Okwir aliporudi, Dolphine alikuwa anafunga mfuko wake kwa safari. Mzee yule alivua kofia. Alitafuta neno katika Kiswahili chake chote cha kambini, asilipate. Akarudi kwenye lugha ya mama yake.

"Apwoyo matek," alisema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nilikuona mzigo, binti yangu. Mungu anisamehe. Asante sana kwa kuja kwetu."

Kisha yeye mwenyewe akauchukua mfuko wa mgeni begani, akampeleka hadi kituo cha mabasi, akabaki amesimama mpaka basi likapinda kona. Nyumba iliyokuwa inaelekea kulala njaa iliponywa kwa pua ya mtu waliyemlaza siku tatu tu, wala hawakuwahi kumjua kabla ya hapo. Hakika waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukosea.