Mafuta kwenye Sakafu ya Mwenyekiti

Jiwe nalo hunywa. Mmeisikia methali hii leo mnadani, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwangu, wajukuu zangu. Ilianza Jumatano, tarehe kumi Juni, saa nne asubuhi, na siku hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Bibi yenu Yusta alikuwa akifanya usafi kwa Mwenyekiti wa ushirika wetu wa alizeti. Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyemkuta na kosa. Mwenyekiti akajenga nyumba mpya, sebuleni akatandika mawe ya graniti, ya kijivu, laini kama kioo. Fundi aliaga akisema, "Sijapaka dawa ya kuziba vitundu. Nitarudi wiki ijayo. Kwa sasa pigeni deki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, basi."

Lakini Jumamosi walikuwa wanakuja wageni kutoka mkoani, na wakubwa hawajui kungoja. Jumatano hiyo Mwenyekiti akaleta ndoo ya mafuta ya alizeti.

"Yusta, ipake sakafu. Nataka wageni waone nyuso zao."

Yusta alikuwa binti wa mponda kokoto. Akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone sakafuni. Palipolowa pakageuka peusi.

"Tazama, Mwenyekiti. Jiwe linakunywa. Ukilipaka mafuta, litakunywa mafuta."

Mwenyekiti akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mama wee! Jiwe lina koo? Mwenye nyumba ni mimi. Paka!"

Akapaka. Angefanyaje?

Jumamosi sakafu ilikuwa mabaka matupu, na kila vumbi lililoingia na viatu liling'ang'ania hapo. Mgeni mmoja akauliza, "Hapa mlichinjia nini?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamnyooshea Yusta kidole mbele ya wote: "Ni huyu. Hajui kazi, kaniharibia nyumba."

Yusta akatua sinia la chai. "Jiwe nalo hunywa, Mwenyekiti," akasema, akavua aproni, akarudi nyumbani. Wageni wakaondoka na neno hilo. Kila aliyemeza matusi ya mkubwa wake aliona linamfaa.

Wiki mbili baadaye Mwenyekiti akamwita, apitie mlango wa nyuma. Nikamkataza. "Sakafu haina kosa, baba Eliya," akanijibu, akaenda. Akakanda udongo mweupe kwa maji na sabuni, mzito kama ugali, akaupaka juu ya mabaka, akafunika kwa nailoni. Ulipokauka akaukwangua, nao ulikuwa umefyonza mafuta. Akarudia mara tano mpaka sakafu ikatakata. Fundi, aliyekuwa akingoja mabaka yatoke, naye akaja kupaka dawa yake.

Mwenyekiti aliisifu sakafu. Neno lake kwamba Yusta hajui kazi hakulifuta mbele za watu, na hakuna nyumba iliyomwita Yusta tena. Hakulalamika. Mimi niliyeishi naye ndiye niliyejua amekunywa nini.

Alingoja miaka sita neno hilo lifutwe, akafa. Tulipomzika, Mwenyekiti alisimama kando ya jeneza, akahutubia kwa kirefu kwamba marehemu alikuwa mchapakazi. Na mimi nikasimama, mimi niliyeishia darasa la tatu, nikamuuliza mbele ya watu wote: "Mafuta yale, Mwenyekiti, aliyeagiza yapakwe ni nani?"

Akatazama saa yake.

Jiwe nalo hunywa, wajukuu zangu. Mwenyekiti yu hai, nyumba ni ileile, wageni bado wanaisifu sakafu. Aliyeagiza mafuta ni nani?