Kwa Nini Aliyeshindwa Kitendawili Hutoa Mji

Zamani hizo miji ilikuwa na kuta na maneno yalikuwa na kufuli. Kitendawili hakikuwa mchezo kama mnavyokifanya nyinyi, mnaotoa Tanga na Kigoma bila hata kuwauliza wenyewe. Kilikuwa njia ya kupeleka siri. Salamu zote zilipita vinywani mwa wapita njia, na wapita njia mnawajua walivyo na umbea. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mafumbo yake. Aliyeyajua aliyafumbua, na asiyeyajua hakuambiwa maana yake kamwe. Hata angelia na kupiga magoti, alikufa na dukuduku lake moyoni.

Katika mji wa Ndawani aliishi mjane mmoja jina lake Bi Somoe. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Mize, aliyeolewa ng'ambo ya bonde katika mji wa Kilungwi. Mwaka huo Jumbe Vuai, mtawala asiyetosheka na miji, aliuzingira Kilungwi na jeshi lake. Akafunga njia zote ili watu washikwe na njaa, kisha auchome moto. Mize alikuwa mjamzito.

Bi Somoe alipika wali wake kila siku huku machozi yakimtoka. Hakuwa na jeshi, hakuwa na mume wala kaka wa kumtuma. Akamwita Bi Tufaa, mwuza vyungu, ambaye askari walimzoea, akamwomba ajaribu kufika langoni amfikishie Mize maneno haya: "Wenzangu wote wametoka, mimi nimeng'ang'ania chini." Bi Tufaa hakuuliza maana, kwa kuwa haikuwa adabu kuuliza.

Hakufika. Askari walimkamata hatua chache kabla ya lango, wakamfikisha mbele ya Jumbe. Maskini akayasema yale maneno yote bila kuficha, akamtaja na aliyemtuma. Alipoulizwa maana yake akaapa kwamba hajui, na kweli hakujua.

Hapo ndipo Jumbe Vuai aliposhikwa na wasiwasi. Aliwaita washauri wake, na washauri, kama kawaida yao, kila mmoja akawa na lake. Mmoja alisema ni habari ya jeshi lililojificha chini ya ardhi. Basi askari wakachimba kambi nzima, wakatoa mizizi, siafu na ndara moja kuukuu. Mwingine alisema ni uchawi. Jumbe hakula, hakukoga, na moto aliokusudia kuutia Kilungwi ukaahirishwa. Angeshambuliaje mji wenye siri asiyoijua? Mwishowe akaagiza Bi Somoe aletwe.

Bi Somoe alisimama mbele yake amejifunga kaniki. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alijua jambo ambalo Jumbe hakulijua, kwamba maana ya fumbo lile ilikuwa ndogo mno. Akiisema pale pale, watamcheka, kisha watauchoma mji na mtoto wake ndani. Kilichomlinda Mize ilikuwa ni kutojua kwa yule mtu mkubwa, basi.

"Sema, au nikukate kichwa," Jumbe akamwambia.

"Ukikikata, Jumbe, maana nayo imekwenda."

Jumbe akamwahidi ng'ombe. Akakataa. Akamwahidi pembe za ndovu na nguo za hariri. Akakataa.

"Basi wataka nini, bibi wee?"

"Nipe mji," akasema Bi Somoe. "Nipe Kilungwi."

Washauri wakamtazama kama mwenda wazimu. Lakini Jumbe alikuwa amechoka kukesha na maneno ya watu, na pale pale, mbele ya jeshi lake lote, akatamka kwamba ametoa. Siku hizo mji uliotolewa mbele ya watu haukurudishwa.

Bi Somoe hakuharakisha. Alisema hatafumbua kitu mpaka jeshi lirudi nyuma ya kilima, njia zifunguliwe, mchele uingie, naye afike Kilungwi, apokewe, ale na kunywa. Jumbe akauma meno, akakubali yote.

Alimkuta Mize amekonda, tumbo liko mbele yake, lakini yu hai. Wakakumbatiana wakalia kwa sauti bila kuona haya. Wakapika, wakala. Kisha Bi Somoe akapanda juu ya ukuta, na Jumbe Vuai, aliyebaki chini na washauri wake wachache, akainua uso kumsikiliza.

"Nilikwenda Kilungwi," akasema Bi Somoe, "wakanipokea vizuri, nikala, nikanywa, nikashiba. Fumbo lile maana yake ni ukoko."

"Ukoko?"

"Ukoko wa chungu. Wali wote umepakuliwa, ukoko wenyewe umeng'ang'ania chini. Mize tangu utotoni hashibi bila ukoko. Nilitaka ajue kwamba kila nikipika, namwekea wake."

Washauri wakashika panga zao, wakijua bwana wao amefanyiwa mzaha mkubwa kuliko yote duniani. Jumbe Vuai akawazuia kwa mkono. Aliponena, sauti yake haikuwa ile waliyoizoea.

"Mama yangu naye alikuwa akiniwekea," akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akimtaja mama yake. Bi Somoe akamtazama yule mtu aliyetaka kumchomea mtoto, akamwonea huruma. Akamega kipande cha ukoko kutoka kwenye sahani ya Mize, aliyepanda naye ukutani, akamtupia. "Kula, mwanangu. Kisha nenda kwenu." Jumbe akakidaka, akala akiwa njiani kurudi, wala hakuugusa tena mji ule.

Na tangu siku hiyo, mwenye kitendawili hafi tena na siri yake, wala msikilizaji hafi na dukuduku. Akishindwa huambiwa, "Nipe mji," naye hutoa, na mwenye kitendawili huenda kwanza akapokewa, akala, akanywa, ndipo akafumbua. Kwa hiyo nyinyi mkishindwa, msibane na kubishana. Toeni mji mara moja, tena mzima mzima. Huenda ndani yake yumo mtoto wa mtu, na mama yake amemwekea ukoko.