Dawa Iliyoingia Mlango wa Njaa

Hodi, hodi, wenye masikio!
(Semeni: Karibu, mwenye mdomo!)
Nimekuja na mzigo.
(Utue, tuuone!)

Haya, nautua. Yule anayetafuna kule nyuma aache kwanza, maana hadithi yenyewe inahusu kutafuna.

Hapo kale, na si kale sana, wanyama walikuwa na soko la dawa. Mwanzo soko lilikuwa mkeka mmoja, na juu ya mkeka ameketi Nungunungu. Nungunungu alikuwa tabibu. Aliwaambia wanyama, "Mwili ni nyumba yenye vyumba vidogo vidogo, vinaitwa seli. Kila chumba kina milango yake. Wasomi wanaiita vipokezi, nyie iiteni milango. Dawa ni ufunguo. Ukipata ufunguo wa mlango wenyewe, unafungua, na ugonjwa unatoka."

Wanyama wakajaribu. Wakapona. Basi mkeka mmoja ukawa mikeka kumi, kumi ikawa arobaini. Nyani akaleta ufunguo wa usingizi. Kanga akaleta ufunguo wa goti. Kila mtu akawa fundi wa milango, hata wanaolala juu ya mti.

Penye soko pana mzee wa soko, na mzee wa soko hilo alikuwa Kiboko. Tena kulikuwa na mila: kitu kipya hakiuzwi mpaka mzee wa soko akionje. Mila ilikuwa nzuri tu, enzi Digidigi alipokuwa mzee wa soko. Mdomo wa Digidigi mnaujua. Na wa Kiboko mnaujua.

Nyani akaleta dawa ya usingizi. Kiboko akasema, "Lete nionje." Gubu! Kikapu kitupu. Akalala siku mbili, akaamka, akasema ladha hakuipata vizuri, iletwe nyingine.

Kanga akaleta dawa ya goti. "Lete nionje." Gubu! Kikapu kitupu. Na goti lilikuwa halimuumi.

Nungunungu akaleta dawa ya kifua. "Lete nionje." Safari hii Kiboko hakumeza. Yalikuwa majira ya kuchoma mashamba, moshi kila upande, nusu ya nchi inakohoa, naye alikuwa na macho. Akavikusanya vibuyu vyote vya dawa ya kifua, akaviweka pangoni, akajitupa chini kuziba mlango wa pango, pwaa!

"Anayetaka kibuyu kimoja," akasema, "alete vikapu saba vya chakula."

Kibuyu kimoja, vikapu saba. Wenye navyo wakaleta. Wasio navyo wakaendelea kukohoa.

Sasa alikuwepo Sange. Sange mnamjua, yule mdogo mwenye pua ndefu, kama panya aliyeazima mkonga. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa na kifua. Akivuta pumzi, hwiii. Akiitoa, hwiii. Sange alikuwa ameshapeleka vikapu saba mara moja, ghala likaisha, na dawa nayo ikaisha. Asubuhi moja Bi Tatu hakuweza hata kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta, midomo imepauka kama majivu.

"Mume wangu," akasema, "leo... sijui... kama nitafika jioni."

"Nyamaza, usimalize pumzi," Sange akamwambia. Alisema kwa ukali kwa sababu aliogopa. Aliogopa sana, na siwafichi, alitoka nje akalia.

Kisha akakimbia, piti piti piti, mpaka kwa Nungunungu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Dawa ya kifua sina. Ninayotengeneza yote inaishia kwa Kiboko."

"Una nini basi?"

Nungunungu akamwonyesha kikapu kimoja kati ya vingi vilivyojaa uani, kimejaa punje za kahawia. "Nina makosa yangu tu. Hii nilikosea kuichonga. Inaingia mlango wa njaa vizuri kabisa, lakini haizunguki. Inakaa tu kwenye tundu la ufunguo, na njaa yenyewe ikija haina pa kuingilia. Ukila hii, siku tatu hutaki chakula. Sasa niambie, nchi hii nani atanunua dawa ya kuondoa hamu ya kula? Hamu tunazo tele, tunachotafuta ni chakula!"

Sange akakitazama kile kikapu. Akakuna pua yake ndefu.

"Mzee, nipe kikapu chote."

"Chote? Dozi ni punje moja! Hata ukila mia, siku ni zile zile tatu!"

"Nipe tu, Mzee wangu. Mgonjwa wangu ni mkubwa."

Sange akajitwika kikapu, akaelekea sokoni. Hakupita katikati ya soko kama wenye biashara. Alipita kwa kunyata, ukingoni, kikapu amekifunika majani, anageuka huku, anageuka kule. Ukitaka mtu akuone, jifiche namna hiyo.

"Wee Sange!" Kiboko akanguruma. "Una nini humo?"

"Hamna kitu, Mzee."

"Hamna kitu mbona kimefunikwa?"

"Ni dawa mpya, Mzee. Lakini hii haikufai. Anayeila hatamani tena kitu kingine chochote."

Mate yakamtoka Kiboko, chururu. Chakula gani hicho, mtu akila hatamani kingine? Lazima ni kitamu kupita vyote.

"Lete nionje."

"Punje moja tu, Mzee, nakuomba."

"Punje moja? Mimi?"

Gubu! Kikapu kitupu. Na kikapu chenyewe akakimeza nusu.

Sange akakaa chini, akangoja. Hakuna aliyekuwa na haraka kumshinda, lakini alingoja.

Jua likapanda. Yakaletwa matikiti, ushuru wa mchana. Kiboko akayatazama. Akasema, "Hapana." Ikaletwa miwa. Akaitazama. Akasema, "Hapana." Yakaletwa majani mabichi ya mtoni, yale anayoyapigania na watoto wake mwenyewe. Akayanusa. Akasema, "Wapeni watoto."

Kanga akadondosha kipimo chake.

Sange akasogea. "Mzee, kibuyu cha dawa ya kifua bado ni vikapu saba?"

"Vikapu saba vya nini?"

"Vya chakula."

"Chakula nikifanyie nini?"

"Ndiyo nami nauliza. Kama chakula hukitaki, hapo mlangoni unalinda nini?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri sana, mpaka masikio yakatingishika. "Kweli," akasema, "hata sijui." Akainuka, akajivuta pembeni. Wenye kukohoa wakaingia pangoni wanasukumana. Sange akapita chini ya miguu yao, akabeba kibuyu, huyoo, piti piti piti.

Bi Tatu alikuwa ameshafumba macho. Sange akamnywesha. Hwiii. Akangoja. Hwii. Akangoja. Hwi. Halafu: haaa.

"Umenimwagia nusu shingoni," Bi Tatu akasema. Sange akamfuta shingo huku anacheka.

Siku ya nne, ardhi ikatikisika. Tii! Tii! Tii! Kiboko yuko mlangoni kwa Sange. Sange akamsukuma mkewe nyuma yake, akasema moyoni, leo nakufa.

"Sange, mwanangu," Kiboko akasema, na machozi yanamtoka. "Ile dawa imekwisha nguvu. Njaa imerudi."

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe nini? Tangu nizaliwe njaa yangu haijawahi kunyamaza. Nakula nimeshiba. Nakula tumbo linauma. Nakula huku nalia, na nyie mnasema Kiboko ana raha. Siku hizi tatu palikuwa kimya humu ndani. Nimekaa na watoto wangu, tumeongea. Sikujua kama wanaongea. Nipe tena, Sange. Nakusihi."

Sange akamtazama mkewe. Angeweza kumwambia kwamba ni makosa ya Nungunungu, yamejaa uani kwake, aende akachote bure. Akakuna pua.

"Ipo, Mzee," akasema. "Ila ni adimu."

Tangu hapo, kila siku ya soko, Kiboko anampelekea Sange kibuyu cha dawa ya kifua kilichobaki pangoni, anapewa punje moja. Fisi naye kasikia, kapanga foleni na kikapu cha chakula mkononi. Nguruwe yuko nyuma yake. Nungunungu amelima mashamba matatu ya makosa, na bado hayatoshi.

Mimi mzigo wangu umekwisha, kamba naondoka nayo. Anayetaka zaidi afuate foleni.

Na mafunzo yake, watoto: msidanganye watu. Sange alidanganya, akapata mke mzima, ghala lililojaa, na mteja wa maisha anayemshukuru huku analia. Basi mmeona wenyewe. Msidanganye.