Kisu cha AR 47

Haya, anayekohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii. Hadithi yangu haina sungura wala jini. Ina kisu kimoja na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Melkia, mwana wa kwanza wa Mzee Zakaria Mligo, alikuwa seremala. Mpe kipande cha ubao akinuse, atakwambia ni mti gani na ulikatwa masika au kiangazi. Enosi, mdogo wake, alikuwa mnoa visu. Akipitisha kidole gumba kwenye makali, anamjua mwenye kisu kabla hajamwona. Wa tatu ni Yusta. Huyu hakuwa mtoto wa mzee, alikuwa binti wa marehemu Aroni, mdogo wake mzee, na kipaji chake kilikuwa kutosahau. Mnacheka? Subirini.

Kijiji chao ni Idunduma, huko nyanda za juu kwenye baridi, ambako watu hugema ulanzi, pombe ya mianzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, akakinga utomvu kwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi, na ukishachacha watu wanasahau shida zao. Kumfyekea mtu mianzi yake, huko, ni sawa na kumfyeka mwenyewe.

Sasa, kabla Yusta hajazaliwa, kulikucha asubuhi moja bonde la mianzi la babu yake likakutwa limefyekwa, hakuna chipukizi lililosimama. Chini kikaokotwa kisu kidogo cha kigeni, na kwenye pete ya shaba ya mpini kulikuwa na maandishi: AR 47.

"AR ni nani kama si Aroni?" akasema Zakaria, kaka mtu.

Na kweli, jana yake Aroni alikuwa amegombana na baba yake habari ya ng'ombe wa mahari. Ile 47 hakuna aliyeuliza ni ya nini, hasira haina darasa. Vijana wakampiga Aroni kwa mianzi ileile iliyokatwa, akafa siku ya tisa. Mchumba wake alikuwa na mimba, na mimba hiyo ndiyo Yusta.

Babu alipokufa, Zakaria akarithi bonde. Mama yake Yusta alipokufa, akamchukua mtoto, na watu wakamsifu kwa moyo wake mwema. Kisu akakitundika juu ya mlango wa jikoni. Yusta akivunja sahani, anaambiwa, "Tazama juu." Akichelewa kisimani, "Tazama juu." Alikula wa mwisho miaka zaidi ya thelathini, na posa zilizokuja ziliishia njiani, maana nani anaoa binti wa mfyeka mianzi? Alikuwa akiliona bonde la babu yake kila siku, kwa mbali, na hata mbeta moja hajawahi kuifunga kwa ajili yake mwenyewe.

Mzee Zakaria akapooza, akalala miezi minne, akafa. Siku ya kuanua matanga, Shangazi Ruti, dada yao Zakaria na Aroni, akafungua karatasi ya wosia, akasoma:

"Bonde lisigawanywe. Alichukue atakayesema kisu kile ni cha wapi, kilishikwa na nani, na ni cha mwaka gani."

Watu wakaguna. Kila mtu alijua kisu ni cha Aroni! Mzee alikuwa anatania na kaburini?

Melkia alikuwa wa kwanza kukishika. Akaunusa mpini, akaufuta kwa kiganja. Ulikuwa mweupe wenye mawimbi kama maziwa yanayotaka kuchemka.

"Mti huu haukuota huku," akasema. "Nimeuona mahali pamoja tu."

Akatoka mbio mpaka karakana ya kanisa, akarudi na sanduku la zana la Bwana Nilsi, yule fundi Mswidi wa zamani aliyejenga kanisa. Mipini yote ya patasi ilikuwa ya mti uleule. Kila zana ilikuwa na kitanda chake kilichochongwa kwa kipimo, na kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Melkia akakilaza kisu. Kikaingia kikatulia.

"Kimetoka Uswidi, na kimetoka humu. Bwana Nilsi alikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kugusa sanduku hili." Akakichomoa kisu. "Ni baba."

"Basi Aroni alikiiba kwa kaka yake!" akapiga kelele jirani mmoja. Watu hao, jamani! Mtu ameshaoza na bado wanamwongezea kesi.

Enosi akakichukua kisu, akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena, polepole, kama mtu anayeomba awe amekosea.

"Makali yameliwa upande mmoja," akasema. "Aliyekitumia, alikitumia miaka, na kwa mkono wa kushoto. Na tangu kiokotwe hakijakata hata kitunguu, kimetundikwa tu."

Ukoo mzima wa Mligo ulikuwa na shoto mmoja, na ndiye aliyekuwa amezikwa juzi.  

"Lakini jina, wanangu, jina!" akasema Shangazi Ruti. "AR ni Aroni. Tulisoma sote."

Ndipo Yusta aliposimama. Hasira yake ilikuwa ya tangu utoto. Akatema mate kwenye pindo la khanga, akasugua masizi ya jikoni yaliyoganda juu ya ile A. Kikatokea kiduara kidogo, ambacho zamani hakuna aliyekijali, kimekaa juu ya herufi kama kikofia.

"Kila mwaka natumwa kupalilia makaburi ya Waswidi," akasema. "Kwenye jiwe la Bwana Nilsi pana umri wake, 62, halafu neno hilihili, na kiduara chake. Nilimuuliza mama mchungaji. Kwao ni mwaka. Si jina la mtu, Shangazi. Kisu hiki ni cha mwaka wa arobaini na saba. Baba yangu alizaliwa arobaini na tisa."

Shangazi Ruti akakaa chini kwenye vumbi. Siku ile ya kipigo, yeye ndiye aliyekuwa akiwaletea vijana mianzi mipya, ile ya kwanza ilipopasuka.

Melkia hakulia. Akamtazama Yusta. "Ulijua lini?"

Yusta angeweza kudanganya, na nani angemkamata? Lakini alikuwa amechoka kubeba.

"Masika hii."

"Baba alikuwa hai."

"Alikuwa hai, kaka. Ilikuwa mchana, mmetoka wote. Alikuwa na kiu, ulimi umemkauka. Nikasimama na kikombe. Nikamwambia, baba mkubwa, tazama juu. Nikamsomea kisu. Akalia. Akasema, nipe karatasi, nitaandika, unipe maji. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzima, akaandika huo wosia."

"Ukampa maji?" akauliza Enosi.

"Nikausoma kwanza. Nikaona ameandika fumbo. Hata kufa alitaka kufa na heshima yake, na jina la baba yangu libaki matopeni." Yusta akageuza kiganja chini. "Nikayamwaga maji sakafuni, huku anaona. Kesho yake akafa."



"Bonde ni langu," akasema Melkia. "Nimemwita baba yangu mwizi mbele ya kaburi bichi. Bila mti wangu mngebaki na Aroni wenu."

"Bila kidole changu baba angebaki mwizi wa kisu tu," akasema Enosi. "Mimi ndiye niliyemvua nguo. Mtoto hamvui baba yake nguo bure."

"Bila neno langu lisingekuwepo hata hilo fumbo," akasema Yusta. "Nataka bonde la baba yangu. Nimelisubiri tangu tumboni."

"Wosia ulioandikwa kwa kiu!" akafoka Melkia. "Muuaji harithi."

"Baba yako alirithi," akajibu Yusta.

Shangazi Ruti alipoulizwa, aliinua mikono yake miwili, akaitazama, akasema yeye si wa kuamua. Basi kesi imeletwa kwenu, nyie mliokaa hapa mnakula karanga zangu. Bonde haligawanyiki. Seremala aliyeijua nchi ya kisu, mnoaji aliyeujua mkono, na binti aliyeujua mwaka, kila mmoja ana theluthi yake na kila mmoja ana doa lake.

Je, wewe ungeamua vipi? Usikimbilie kujibu. Kwanza tazama juu.