Mwiba wa Tano wa Bi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Aliyejaza mahindi mdomoni ameze kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni waliishi ndani ya ardhi. Ngiri alikuwa na shimo. Kakakuona alikuwa na shimo. Buku, yule panya mkubwa, alikuwa na mashimo manne, na ukimuuliza ya nini yote hayo, anakujibu moja la kuingilia, matatu ya kutokea. Juu kilimani kulikuwa na Baraza la Wanyama, na huko ndiko sheria zilikotungwa. Bonde zima lilikuwa na kiti kimoja tu barazani. Aliyechaguliwa kukikalia ni Bi Nungunungu.

Kwa nini yeye? Si kwamba alijua sana kusema. Walimchagua kwa ajili ya miiba yake. Kila jambo lililozungumzwa barazani, Bi Nungunungu aling'oa mwiba mmoja mgongoni, akautia kwenye kifurushi. Mambo matatu, miiba mitatu. Mambo kumi, miiba kumi. Akirudi bondeni anapanda juu ya kichuguu, anachomeka mwiba mmoja mmoja mbele ya wote, anaeleza jambo lake. Wakielewa wanagonga ardhi kwa miguu, tu, tu, tu. Wasipoelewa hawagongi, naye anarudia mpaka wagonge.

Msiniulize kama ilimuuma. Ilimuuma. Ndiyo kazi aliyoiomba.

Basi ikawa hivyo kila wiki. Jumatatu anapanda mlima, shaa, shaa, shaa. Jumanne na Jumatano anakaa barazani. Alhamisi anashuka, shaa, shaa, shaa. Ijumaa asubuhi yuko juu ya kichuguu. Watu wa bondeni waliridhika. Hata Ngiri, ambaye hakuna siku aliyoamka bila kununa, alikuwa akisema hakumpigia kura yule mama, lakini Ijumaa hakosi.

Sasa sikilizeni. Wiki moja, masika yakiwa karibu, Tembo walileta muswada barazani. Walitaka njia mpya ya kwenda mtoni, njia pana, na njia hiyo ingekatiza kwenye tambarare ya udongo laini. Na tambarare ile, jamani, ndiko watu wa bondeni walikohamia kila masika, kwa sababu mvua ikinyesha mashimo yao ya chini hujaa maji. Miguu ya Tembo mnaijua. Ikipita juu ya shimo, shimo halipo tena, na aliyemo hayupo tena.

Bi Nungunungu akasimama. Akaeleza habari za masika. Akaeleza tena. Tembo wakashangaa, wakasema wao wamepita pale miaka yote na hawajamwona mtu, na huyu anayesema yuko peke yake. Nyati, mwenyekiti wa Baraza, akaitisha kura. Muswada ukapita mara ya kwanza. Sheria ilitaka usomwe mara tatu. Na kanuni ya Baraza ilikuwa wazi: kabla ya mara ya tatu, wenye jambo lao wanaweza kuja wenyewe wasikilizwe.

Siku ya kushuka, Bi Nungunungu alikuwa na miiba mitano kifurushini. Shaa, shaa, shaa. Akasimama. Akawaza, nikiwaambia nimeshindwa wataniona sifai. Ngoja kwanza nishinde, ndipo niseme. Akauchukua mwiba wa tano, ule wa njia ya Tembo, akauchomeka mgongoni kwake, katikati ya wenzake. Nani angeujua?

Ijumaa akachomeka miiba minne. Tu, tu, tu. Wakamuuliza kama ni hayo tu.

Akasema ni hayo tu.

Wiki ya pili muswada ukasomwa tena. Akashindwa tena. Mwiba mwingine mgongoni. Ijumaa wakauliza, akasema ni hayo tu. Lakini safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Wiki ya tatu Baraza lilijadili mambo mengine, na muswada ukapangiwa Jumanne inayofuata. Alhamisi Bi Nungunungu akashuka kwa njia ya tambarare. Akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Akanyanyua kichwa. Bonde zima lilikuwa pale linachimba. Ngiri anachimba kwa meno. Buku yuko kwenye shimo la tatu. Kakakuona anachimba na mwanawe amekaa juu ya mkia. Na mahali pote walipochimba, palepale ndipo njia ya Tembo ingepita.

Kakakuona akamwona, akaja mbio kwa namna yake ya kwenda mbio, yaani polepole.

"Mheshimiwa, ulituambia hakuna jipya, tukaona tuhamie mapema mwaka huu," akasema. "Lile shimo la mwisho pale tumekuchimbia wewe. Unachoka na safari."

Bi Nungunungu akaliangalia lile shimo. Lilikuwa limechimbwa vizuri, limetandikwa nyasi kavu. Aibu ikamshika mpaka miiba yote ikalala. Aliogopa kuonekana hafai, na sasa watoto wangekanyagwa kwa sababu ya woga wake.

Hakungoja mpaka Ijumaa. Akapanda juu ya kifusi cha udongo, akang'oa ile miiba miwili aliyoirudisha mgongoni, akaichomeka mbele yao wote.

"Hii niliificha," akasema. "Nimeshindwa mara mbili, na nikawadanganya mara mbili."

Akaeleza yote. Alipomaliza hakuna aliyegonga. Ngiri akavuta pumzi puani, fuu. Akasema wangejua mapema wangepanda wote, na sasa wamebakiwa na siku nne. Akasema pia maneno mengine ambayo siwezi kuyasema hapa, kuna watoto. Wengine walitaka wamchague mwingine palepale.

Kakakuona alikuwa anawaza. Akauliza kama ile kanuni ya kwenda kusikilizwa bado ipo. Bi Nungunungu akajibu ipo, mpaka Jumanne.

"Basi kumnunia tutamnunia njiani," Kakakuona akasema. "Twendeni."

Wakapanda. Bonde zima likapanda, tapa, tapa, tapa, kucha zimejaa udongo, pua zimejaa udongo. Jumanne wakaingia barazani, nao walikuwa wengi mpaka Twiga akasogea nje awapishe. Nyati akauliza nani atasema. Ngiri, ambaye njia nzima alikuwa anasema, akanyamaza. Kakakuona akaenda mpaka kwa kiongozi wa Tembo. Mbele ya wakubwa Kakakuona hujikunja akawa mpira. Siku hiyo hakujikunja.

"Mama Tembo," akasema, "umesema hujatuona. Ninuse."

Mama Tembo akashusha mkonga. Akanusa kucha za Kakakuona. Akanusa udongo wa tambarare, mbichi, wa juzi. Akanusa na yule mtoto juu ya mkia. Akasema wao hupita pale wakati wa kiangazi tu, na kweli wakati huo hawajamkuta mtu. Hakujua. Akasema yeye mwenyewe ni mama. Akageuka kwa Nyati, akaomba njia isogezwe upande wa mawe. Ilikuwa mbali zaidi kidogo, lakini Tembo ana miguu mirefu. Kura zikapigwa. Hakuna aliyepinga.

Ijumaa Bi Nungunungu akapanda kichuguu. Akachomeka mwiba wa njia ya Tembo, akaeleza, akangoja. Wa kwanza kugonga alikuwa Ngiri. Tu. Kisha bonde zima. Tu, tu, tu, mpaka vumbi likapaa. Bi Nungunungu akalia, na hakujificha.

Kisha akauliza, taratibu, kama lile shimo lake sasa amepewa mtu mwingine.

Kakakuona akasema lipo. Ila mlango wameupunguza, umebaki mwembamba. Kila akiingia, mwiba uliochomekwa kwa kufichwa utadondoka mlangoni, na Ngiri anakaa jirani.

Tangu siku hiyo alianza na la kushindwa, ndipo akasema la kushinda. Na wiki isiyo na lolote alipanda kichuguu vilevile, akasema wamekaa, wamebishana, hawakukubaliana. Nao wakagonga, wakaenda kula wakiwa na amani.

Fundisho ni hili: aliyetumwa na watu arudi kwa watu, awaambie yote, na lile la aibu aliseme kwanza, maana ndilo wanaloweza kumsaidia.

Hadithi yangu imefika kichuguuni, na hapo ndipo inapoishia. Mkiwa mmeelewa, gongeni ardhi.

Tu, tu, tu.