Muhuri Usiolipiwa

Mtu mmoja alikuwa na muhuri wa kuthibitishia viapo, na sheria ya mji ule ilimwamuru asimtoze chochote mzazi anayeapa ili mwanawe apate cheti cha kuzaliwa. Akaandika mlangoni: BURE. Wiki nzima hakuingia mtu.

Watu walipita, wakasoma, wakaharakisha. Sokoni walicheka: "Wakili asiyekula pesa anakula nini, jamani?" Wengine walisema anapeleleza. Wengine walisema muhuri wake ni wa kuchonga. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mwenzake aliyetoza, na kwake foleni ilifika nje. Huyo hakuuliza neno. Aligonga muhuri bila kuinua uso, akaita anayefuata.

Melania alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Agripina, ambaye asingeandikishwa kwa mtihani bila cheti. Akauza kuku wake wanne, akalipa ng'ambo, akapeleka kiapo kwa msajili. Msajili akakirudisha. Palipotakiwa jina la baba palikuwa peupe, na siku ya mwisho ya kuandikisha ilikuwa kesho.

Ndipo alipovuka barabara. Akaketi ukingoni mwa kiti, akaweka mezani noti zilizobaki. Mwenye muhuri akazisukuma zikamrudia, na hapo Melania akazidi kuogopa. Mlango ameuacha wazi, kwa nini? Hatabasamu, kwa nini? Akatabasamu, ikawa vibaya zaidi.

"Niambie kweli, baba. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, mama. Ila siwezi kugonga muhuri juu ya kiapo nisichokisikia. Kisome kwa sauti, hadi mwisho."

Kumbe kuku wanne walikuwa bei rahisi. Enyi mnaonisikiliza, ni mara ngapi tumekikimbia cha bure tukisema ni mtego, na kumbe tulipenda tu kile cha kununua kwa sababu hakituulizi neno?

Melania akasoma. Jina lake. Jina la mtoto. Siku ya kuzaliwa. Alipofika penye weupe akakiweka kiapo mezani. Kwa miaka kumi na mitatu, kila aliyemuuliza alimjibu kwamba baba wa mtoto alifia safarini. Akainuka, na mwenye muhuri akadhani anaondoka. Melania akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akarudi, akaketi kiti kizima.

"Zebedayo," akasema. "Mume wa dada yangu."