Fumbo Lisilo na Mipaka

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kuwa hata mtu awe hodari vipi, yapo mambo yasiyomwendea mpaka ashirikiane na mwenzake. Clovis aliwahi kuieleza methali hiyo katika mtihani akapata alama zote, ila hakudhani hata siku moja kwamba inamhusu.

Clovis alikuwa mpima ardhi huko Gahanga, kijana mchapakazi mwenye kichwa kigumu. Yeye na Kamikazi, mwalimu wa sataranji katika shule moja ya Kimironko, walipendana kama chanda na pete. Kamikazi alilelewa Nyamirambo na shangazi yake, Donatille, na kwa desturi ya Wanyarwanda neno la shangazi si la kupuuzwa. Asiporidhika yeye, posa huenda isivuke kizingiti.

Jumapili moja Clovis alikwenda kujitambulisha. Bibi huyo alimkaribisha chai ya maziwa, kisha akamwekea mezani karatasi yenye fumbo la sudoku.

"Wewe uko mtu wa mipaka," alisema. "Hii haina mipaka. Ukiimaliza, urudi tuongee habari ya posa."

Clovis alitabasamu, sudoku aliijua. Kumbe hii ilikuwa ya namna yake. Namba moja hadi tisa hazikuruhusiwa kurudiwa katika mstari, safu wala eneo, kama kawaida, lakini yale maeneo tisa yenye miraba tisa tisa hayakuchorwa. Mchezaji alipaswa kuyagundua mwenyewe. Isitoshe, namba zilifuata sheria ya farasi wa sataranji: zinazofanana zisiwe mahali ambapo farasi angeweza kuruka kutoka moja hadi nyingine, yaani miraba miwili mbele na mmoja kando.

Kamikazi alipoona anavyokuna kichwa, alimwambia kwa kubembeleza, "Sha Clovis, mambo ya farasi niachie mimi."

"Hapana, chérie wangu. Mtihani ni wangu. Nikisaidiwa, Mama Donatille atasema nimedanganya."

Akashikilia hapo hapo kama kupe. Alichora mipaka, akafuta, akachora tena. Hatimaye alipeleka jibu Nyamirambo kifua mbele. Donatille alivaa miwani, akaweka kidole juu ya saba moja, kisha juu ya saba nyingine.

"Farasi huyu anamla mwenzake," alisema kwa upole, akamrudishia karatasi.

Nyumbani kwa akina Clovis wazee walikuwa wameanza kuuliza siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Hasira za Clovis zikamwangukia asiye na kosa. Kamikazi alipompigia simu kumjulia hali, alimjibu kwa ukali. Binti akakata simu. Hapo ndipo Clovis alipoingiwa na hofu ya kweli. Aliona kwamba fumbo angeweza kulishinda na Kamikazi akamkosa.

Kesho yake alimsubiri nje ya shule.

"Nisamehe," alisema. "Nimeshindwa. Nisaidie."

"Ilikuuma sana kusema hivyo?"

"Sana."

Kamikazi akacheka, akamvuta hadi kwenye duka la maziwa lililokuwa jirani. Clovis alipofunga mpaka mmoja, Kamikazi aliona namba isiyoweza kukaa humo kwa sababu ya farasi. Kamikazi alipoiondoa namba, Clovis aliona mpaka unaofuata unakopita. Walibishana, wakataniana, wakasahau hata kunywa maziwa. Jioni fumbo likawa limekwisha.

Walilipeleka pamoja, Clovis akamkabidhi Donatille karatasi.

"Mama, iko sawa sasa," alisema. "Lakini sikufanya peke yangu. Kama nimejiharibia, nihukumu."

Donatille aliipitia karatasi kwa kidole, machozi yakamlengalenga.

"Nani alikuambia ufanye peke yako?" aliuliza. "Hii aliileta marehemu mume wangu. Yeye alichora mipaka, mimi nikaangalia farasi. Alifariki tukiwa katikati. Nimejaribu peke yangu miaka yote hii, mwanangu, na sijaiweza."

Kamikazi akamkumbatia. Clovis alibaki ameinamisha kichwa. Kumbe siku zote hizo alikuwa akipigania kuwa peke yake, jambo ambalo mama huyu alilibeba bila kulitaka.

"Masenge," Kamikazi alimnong'oneza shangazi yake, "tuwaambie nini wazee wa Clovis?"

Donatille alijifuta macho, akawashika mikono wote wawili.

"Waambieni walete ng'ombe. Nilitaka tu kuona kama huyu anajua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa."